Gari Lililoshushwa Linasumbua: Dalili, Sababu, na Lini Springi Fupi Hazitoshi

Kabla ya kununua watu huuliza, "Niweke springi fupi au koilova?" Baada ya kufunga huja malalamiko: linadunda, linagonga, tairi zinakula ndani, limelala upande mmoja. Malalamiko hayo ndiyo yanayojibu lile swali, maana kila dalili inaonyesha kitu ambacho koilova inaweza kurekebisha na springi haiwezi, au kitu ambacho hakihusiani na chochote kati ya hivyo viwili. Dalili nyingi chini ya gari lililoshushwa zinatokana na ufungaji na alaimenti. Kifaa chenyewe huwa cha mwisho kulaumiwa.

Kwa ufupi, ili tuelewane: springi fupi hubadilisha springi peke yake, shokapu ya kiwandani inabaki. Gari hushuka kiasi kimoja tu kisichorekebishika, kwa kawaida mm 20 hadi 40. Koilova ni springi na shokapu vilivyotengenezwa kwa ajili ya kufanya kazi pamoja, mwili wake una meno na kola (pete za kuzungusha) za kupandisha na kushusha, na nyingi zina kinobu cha kukaza au kulegeza shokapu.

Mifano humu inahusu magari ambayo mafundi wetu wanayaona kila siku: Subaru Impreza WRX na STI za bodi ya GD (2000 hadi 2007), Toyota Altezza (1998 hadi 2005), na Mark X za GRX120 na GRX130. Tofauti yao ni muhimu. Impreza ya GD ina strati mbele na nyuma, yaani shokapu yenyewe ndiyo inayoshikilia gurudumu lisianguke nje. Altezza na Mark X mbele zina wishbone (arm, yaani mikono ya chuma inayoshika gurudumu) juu na chini, shokapu inabeba uzito tu. Impreza iliyofuata baada ya GD ilibadilishwa nyuma ikawa na wishbone, kwa hiyo springi ya "Subaru" uliyoipata kwa jamaa huenda isiingie kabisa. Agiza kwa herufi za chesi (GDA, GDB, GRB), usiagize kwa jina la gari.

Pima kabla ya kushika spana

Egesha kwenye sakafu iliyonyooka, tangi likiwa nusu, upepo wa tairi ukiwa ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ukipita kwa fundi pancha mara nyingi anajaza 40 psi bila kuuliza, na gari lenye springi ngumu na psi 40 litadunda hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Pima kwa futikamba kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka chini, maana tairi iliyoisha na sakafu iliyoinama vitakudanganya. Kama gari limetoka kwenye jeki, lisukume mbele na nyuma mita chache kwanza. Likiteremka tu kutoka jeki tairi hubana pembeni na gari hukaa juu kwa mm 10 au zaidi.

Halafu chukua tai ya plastiki (ile ya kufungia nyaya), uifunge kwenye shafti ya shokapu, ibane kiasi cha kuteleza lakini isianguke, uisukume chini hadi iguse mwili wa shokapu. Endesha njia yako ya kila siku, pamoja na matuta. Ukirudi, tai itakuwa imesukumwa juu hadi pale shokapu ilipofika. Kifaa hiki cha bei ya pipi kitakuambia mengi kuliko maelezo ya muuzaji. Kwenye strati za aina iliyogeuzwa juu chini, kama zile za STI nyingi, shafti imefichwa ndani, kwa hiyo kipimo hiki hakifanyi kazi. Hapo itabidi utegemee alama za kugongana kwenye mpira wa stopa (raba inayozuia shokapu isigonge mwisho wake).

Dalili: gari linadunda au linapiga kwa ukali kwenye kila shimo

Hili ndilo lalamiko namba moja, na watu hukimbilia kusema "springi ni ngumu mno". Mara nyingi springi ndiyo laini mno kwa nafasi iliyobaki.

Fanya hesabu. Tuseme shokapu ya kiwandani ina mm 70 za kushuka kabla ya kugusa mpira wa stopa. Umeshusha gari mm 40. Zimebaki 30. Springi yako fupi ina ugumu wa kilo 4 kwa milimita, yaani 4K kama Wajapani wanavyoandika. Katika zile mm 30 springi itaweza kubeba kilo 120 za ziada, kisha mpira unagongwa. Koilova ya 8K katika nafasi hiyo hiyo ingebeba kilo 240. Ndiyo maana gari lenye springi ngumu zaidi wakati mwingine linahisi laini kuliko lenye springi fupi: halifiki kwenye stopa. (Namba za K usizilinganishe kati ya magari. Kwenye strati springi inatembea karibu sawa na gurudumu. Kwenye wishbone ya Altezza springi imekaa ndani zaidi, inatembea pungufu, kwa hiyo 8K ya huku si 8K ya kule.)

Sababu, kuanzia inayotokea sana:

1. *Gari limelala kwenye mipira ya stopa.* Tai ya plastiki imekwama juu kabisa, kwenye mpira, na hata gari likiwa limesimama umbali kati ya mpira na mwili wa shokapu hautoshi kupitisha kidole gumba. Watengenezaji wengi wa springi fupi huelekeza mpira ukatwe kiasi fulani, na karatasi hiyo ndiyo hutupwa pamoja na boksi. Kata kama ilivyoandikwa, upande ulioelekezwa, kwa kisu chenye makali. Usiuondoe wote: bila mpira, shokapu itagonga chuma kwa chuma na vali za ndani zitavunjika.

2. *Shokapu za zamani zimechoka.* Gari limetoka Japani likiwa na kilomita 90,000, shokapu ni zilezile, unaziwekea springi mpya yenye nguvu zaidi. Shokapu iliyokuwa inajikongoja sasa inashindwa kabisa kuzuia springi kurudi. Bonyeza kona ya gari kwa uzito wako wote kisha uachie: inapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, imekufa. Lakini kupita kipimo hiki si cheti cha uzima; shokapu iliyochoka nusu hupita hapo na bado ikadunda ukiwa kasi ya 80.

3. *Upepo wa tairi.* Umeshatajwa, na bado unasahaulika.

4. *Kinobu cha koilova kimewekwa vibaya.* Zungusha hadi mwisho wa ugumu (kwa kawaida ni kulia, kwa vidole, ukifika mwisho usilazimishe), kisha rudisha ukihesabu milio ya "tik". Anza katikati ya hesabu yote, kushoto na kulia sawa. Ukikaza mno, springi haipati muda wa kunyooka kati ya tuta na tuta. Ukipita kwenye rasta zile ndogondogo zinazofuatana utasikia gari likiendelea kuzama, rasta ya kwanza sawa, ya tatu ngumu, ya tano linapiga stopa. Dalili hiyo ukiiona, legeza. Watu wengi huongeza kukaza na tatizo huzidi.

5. *Springi imebanwa mno kwenye kola.* Kuna koilova zenye marekebisho mawili: kola ya springi juu, na mguu wa chini unaozunguka kurefusha au kufupisha mwili wote. Kwenye aina hii urefu wa gari hurekebishwa kwa mguu wa chini. Kola ya springi inawekwa mara moja, springi ikiwa imeguswa na kubanwa kidogo, mm 0 hadi 5 au kama karatasi inavyosema, kisha inaachwa. Kuibana mm 20 hakufanyi springi ya kawaida kuwa ngumu. Ugumu wa 8K unabaki 8K. Kinachotokea ni kwamba shokapu inabaki karibu na mwisho wake wa juu, haina pa kunyookea gurudumu linapoingia shimoni, na unasikia "tak!" kila baada ya tuta.

Kuna aina rahisi yenye kola tu. Hiyo ukishusha gari unakula nafasi ya shokapu, sawasawa na springi fupi, ila umelipa zaidi.

6. *Springi ngumu mno kweli.* Ipo, lakini iweke mwisho. Springi za 12K zilizotoka kwenye gari la mashindano hazina kazi Morogoro Road wala Thika Road.

Hukumu kwa dalili hii: kama tai ya plastiki inaonyesha nafasi ipo na shokapu ni mpya, springi fupi zinatosha, hakuna haja ya koilova. Kama unataka kushuka zaidi ya mm 30 na bado usiguse stopa, springi peke yake haitakufikisha popote, kwa sababu mwili wa shokapu ya kiwandani haukufupishwa. Hapo koilova yenye mguu unaorekebishika ndiyo jibu.

Springi zilizokatwa kwa grainda hazimo katika mjadala huu. Ukikata, springi inakuwa ngumu zaidi na fupi kwa pamoja, ncha yake haikai kwenye kikalio, na gurudumu likining'inia springi inaachia nafasi yake. Zilizopashwa moto kwa gesi ni mbaya zaidi, kwa kuwa chuma kimepoteza ugumu wake na kinaweza kuvunjika au kuendelea kulala. Ukikuta gari lina springi za namna hiyo, usihangaike kutafuta dalili nyingine kabla hujazitoa.

Dalili: linagonga "ko-ko-ko" kwenye barabara mbovu, kwa kasi ndogo

Anza na kilicho rahisi. Mwombe mtu ashike usukani na akanyage breki, wewe shika linki ya stebilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) kwa mkono uitikise. Linki ndiyo mkosaji wa kwanza karibu kila mara: gari limeshuka, fimbo ya stebilaiza imeinuka, linki ya urefu wa kiwandani sasa imekaa kwa pembe mbaya au inagusa mwili wa strati. Linki fupi za kurekebishika hutibu. Zikaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, siyo likiwa linaning'inia.

Pili, nati ya juu ya shafti. Fungua boneti, ondoa kifuniko cha maunti (kishikio cha juu cha strati), weka kidole kwenye nati huku mwenzako akibonyeza kona ya gari. Ukihisi mtikisiko wa "tik" kidoleni, nati imelegea au maunti imekwisha. Nati hii isikazwe kwa gani ya upepo: shafti huzunguka pamoja nayo, ikaharibu sili ya ndani, na wiki mbili baadaye unaona mafuta. Shikilia shafti kwa ufunguo wa alen, kaza nati kwa spana, malizia kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha mtengenezaji.

Tatu, kola za koilova. Zinakuwa mbili zikibanana, na moja ikilegea zote hushuka taratibu kwa mtetemo. Chora mstari wa rangi nyeupe ukipita juu ya kola na mwili wa koilova. Mstari ukivunjika baada ya wiki, umepata jibu. Kaza kwa spana ya ndoano iliyokuja kwenye boksi, mkono mmoja, bila kuiongezea bomba.

Nne, springi inayocheza ikiwa gari liko juu ya jeki. Ukiweza kuizungusha kwa mkono, gurudumu likidondoka shimoni springi inaachia kikalio na kurudi kwa kishindo. Kwenye koilova ni suala la kubana kola hadi ishike. Kwenye springi fupi ina maana springi hiyo ni fupi mno kwa shokapu ya kiwandani, na haina marekebisho, itoe.

Tano, maunti za chuma zenye bakuli na tufe la chuma ndani, zinazowekwa kwenye koilova badala ya zile za raba. Hizi hupeleka kila kelele ya barabara ndani ya gari hata zikiwa mpya. Vumbi likiingia zinakwisha na kugonga. Kwa gari la kila siku maunti ya raba ina faida, hata kama haina sura nzuri chini ya boneti.

SIMAMA: ukikuta ufa kwenye kibano cha strati, au bolti mbili kubwa zinazoshika strati na nako (chuma kinachobeba gurudumu) kwenye Impreza zimecheza, gari lisiendeshwe hata hadi gereji. Moja ya bolti hizo mbele, ile ya juu, ni ya kurekebishia kemba (mwinamo wa gurudumu) na ina kichwa kisichokaa katikati makusudi. Ikifungwa mahali pa nyingine gurudumu litahama ukiwa njiani. Livutwe.

Dalili: mlio wa "twaaang" ukikata usukani umesimama

Springi inajinyonga kisha inaachia. Beringi ya maunti ya juu imekufa, au ilifungwa kichwa chini wakati wa kubadilisha springi, au washa yake ilibaki mezani. Weka mkono kwenye springi mwenzako akikata usukani polepole: ikiruka badala ya kuzunguka kwa ulaini, fungua upya. Kwenye baadhi ya koilova hakuna beringi kabisa, springi inateleza kwenye kikalio chake. Washa nyembamba ya plastiki ngumu kati ya springi na kikalio hunyamazisha.

Onyo ambalo linahusu kila mahali springi inapotolewa kwenye strati: springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Klampu za springi ziwe mbili, zilingane, zitazamane, zikazwe kwa zamu mizunguko michache michache, na usiweke uso wala kifua kwenye mstari wa shafti unapofungua nati ya juu. Waya na kamba za kufungia si klampu. Kama gereji haina klampu nzima au mashine ya ukutani, beba strati zako upeleke kwingine.

Dalili: tairi zinakula ndani

Hapa lawama hupelekwa kwa kemba, yaani gurudumu kuinamisha kichwa ndani. Kemba inachangia, lakini anayekula tairi kwa kasi ni tou: tairi zikitazamwa kutoka juu, ncha za mbele zinaachana au kukaribiana. Tairi yenye tou ya digrii 0.25 inaburuzwa pembeni kama mita 4.4 kwa kila kilomita. Iendeshe Dar hadi Dodoma na utakuwa umeiburuza kwa karibu kilomita mbili.

Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kama upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, ni tou. Kama ni laini kote ila ndani kumeisha, ni kemba.

Kila ukishusha au kupandisha, hata mm 10, tou inabadilika. Kwa hiyo alaimenti inafanywa baada ya urefu wa mwisho kuamuliwa na gari kutembea kilomita mia chache springi zitulie. Siyo siku ya kufunga, na siyo kabla. Kwa barabara, lenga kemba ya digrii hasi 1 hadi 1.5 mbele, nyuma karibu na hapo, na tou ya jumla kati ya sifuri na mm 2 kwenda ndani. Omba karatasi ya vipimo, kabla na baada. Fundi wa alaimenti anayerekebisha mbele tu na kukuambia "nyuma haina marekebisho" kwenye Mark X, tafuta mwingine: tou ya nyuma inarekebishika.

Kemba ya nyuma ndiyo yenye shida. Altezza na Mark X zikishuka, magurudumu ya nyuma huinama ndani haraka, na marekebisho ya kiwandani mara nyingi hayatoshi kuyarudisha. Suluhisho ni arm za kurekebishika, siyo koilova. Koilova hairekebishi kemba ya nyuma kwenye magari haya. Inabadilisha urefu tu. Mbele ya Impreza ni tofauti: kuna ile bolti ya kemba, na koilova nyingi za strati zina bamba la juu linaloteleza kurekebisha kemba. Hili ni jambo moja ambalo unalipata kwa koilova na hulipati kwa springi fupi.

Kama vipimo ni sahihi na tairi bado zinaliwa, angalia bushi za arm. Bushi ya raba imegandishwa kwenye chuma chake, inajinyonga, haizunguki. Bolti zake zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, raba inabaki imenyongwa muda wote gari likishuka, nayo inachanika ndani ya miezi. Baada ya kufunga springi au koilova yoyote, legeza bolti za arm, teremsha gari, lisukume, kisha kaza uzito ukiwa kwenye magurudumu. Hatua hii moja ikirukwa huleta nusu ya kelele za mwaka wa kwanza.

SIMAMA: nyaya zikionekana upande wa ndani wa tairi, badilisha kabla ya safari. Upande huo hauonekani ukisimama nje. Kata usukani hadi mwisho uchungulie, au ulale chini.

Dalili: usukani unayumba wenyewe kwenye matuta, gari linatangatanga

Chuchumaa mbele ya Impreza utazame arm ya chini. Kutoka kwenye bodi kwenda kwenye gurudumu, inapaswa iteremke kidogo au ilale sawa. Kama inapanda kuelekea gurudumu, umeshusha kupita kiasi. Kwenye strati, kituo ambacho bodi inalalia wakati wa kona hushuka haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka, kwa hiyo gari lililoshushwa sana hulala zaidi kwenye kona, kinyume na ulichokusudia. Tairodi (fimbo inayokata gurudumu kutoka kwenye usukani) nayo haifuati tena njia moja na arm, na kila tuta linakata usukani kidogo bila wewe. Pandisha hadi arm ilale. Hapa koilova inakuokoa kwa dakika thelathini. Springi fupi inabidi iuzwe.

Kama arm iko sawa, fuata mpangilio huu: upepo wa tairi, tairi za mbele kubadilishana kushoto na kulia (gari likibadilisha upande wa kuvuta, tatizo ni tairi), endi za tairodi, boljointi, kisha alaimenti.

SIMAMA: usukani unaokaza au kukwama sehemu moja ya mzunguko, usijaribu kurudi nao nyumbani polepole.

Dalili: upande mmoja umelala

Tofauti ya mm 5 kati ya kushoto na kulia ni ya kawaida, dereva ana uzito na tangi halikai katikati. Zaidi ya mm 10, angalia kama springi zimebadilishana, ya kushoto na ya kulia au ya mbele na ya nyuma (soma namba iliyochapwa kwenye springi yenyewe), kama ncha ya springi imekaa kwenye kidato chake, kisha kama raba ya kikalio imesahaulika upande mmoja. Kwenye koilova, pima meno yanayoonekana kwa rula, siyo kwa macho. Usiishie kunyoosha gari kwa kupandisha kona moja tu: uzito hugawanywa kimshazari, ukipandisha kona ya mbele kushoto unaikandamiza na ya nyuma kulia.

Na mguu wa chini wa koilova usifunguliwe hadi ubakize meno machache. Kuna alama au kipimo cha chini kabisa cha meno yanayopaswa kubaki ndani ya mguu. Ukivuka, mguu unaweza kung'oka.

Dalili: tairi inagusa madigadi, au chini inakwaruza

Tafuta alama ya kung'aa kwenye madigadi ya plastiki. Inakuonyesha mahali hasa. Ikiguswa kwenye kona tu, ni rimu pana au ofseti mbaya (rimu imekaa nje au ndani mno) kuliko urefu. Ikiguswa kwenye matuta, ni urefu. Kinachokwaruza kwanza kwa kawaida ni midomo ya bampa na ekzosi, na hivyo vinavumilika. Ukiona alama kwenye sampu ya oili (bakuli la oili chini ya injini), pandisha leo. Kwenye tuta, pita kwa pembe kama upana wa barabara unaruhusu, usikanyage breki ukiwa juu yake, kwa maana breki huzamisha pua.

SIMAMA: mpira wa breki au waya wa ABS unaogusa tairi ama springi. Koilova zina kibano kidogo cha kushikia mpira wa breki, na kufunga kwa tai ya plastiki badala ya kibano hicho ni kujitafutia ajali. Kata usukani pande zote mbili gari likiwa juu na likiwa chini, uhakikishe mpira hauvutiki popote.

Dalili: taa zinamulika karibu

Magari mengi ya Kijapani yenye taa za xenon yana kihisi kwenye mguu wa nyuma kinachopima kama buti limebeba mzigo. Gari likishuka nyuma, kihisi kinadhani umebeba mifuko ya saruji, kinateremsha taa. Rekebisha kiungo cha kihisi kwa urefu mpya, usigeuze skrubu za taa zenyewe kwanza.

Dalili: mafuta kwenye shafti, kola hazizunguki

Unyevu mwembamba kwenye shafti usikutishe. Mafuta yanayotiririka na kushika vumbi hadi chini ya mwili wa shokapu ndiyo mwisho wa sili. Koilova nyingi hujengwa upya, sili na mafuta mapya, lakini ndani yake mna gesi yenye shinikizo. Hiyo si kazi ya uani.

Kola zilizoganda ni ugonjwa wa pwani. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, chumvi ya hewani hula aluminiamu ya kola dhidi ya chuma cha mwili. Sugua meno kwa brashi ya waya wa shaba, paka mafuta ya kupenya, acha usiku mzima, jaribu kuzungusha kuelekea juu kidogo kisha chini. Nyundo na patasi huvunja kola. Baada ya kuzifungua, osha meno kwa maji kila mwezi na upake grisi nyepesi.

Wanaonunua koilova za mtumba kutoka Japani wafanye haya dukani kabla ya kutoa pesa: bonyeza shafti hadi mwisho, iachie, ihesabu muda wa kurudi, linganisha zote nne. Zungusha kila kola mzunguko mmoja kamili. Chungulia shafti kwa mwanga wa simu. Mchubuko unaoshika ukucha utachana sili mpya. Soma namba ya K kwenye kila springi, kwa sababu seti nyingi zimechanganywa, na jozi ya mbele yenye 8K kushoto na 10K kulia itakulaza gari upande ambao hakuna alaimenti itakayounyoosha. Kinobu kisichotoa "tik" kimekufa ndani. Ukifunga, kaza nati za rimu kwa msalaba, Toyota hizi kwa 103 Nm, na ukaze tena baada ya kilomita 100.